Ofisi tano, mikono miwili: kisa cha kaya moja kusini mwa Tanzania

Kisa hiki kinatoka katika kata moja ya ukanda wa korosho. Majina, kijiji, miaka ya matukio na baadhi ya mambo ya ukoo yameondolewa au kubadilishwa, na wahusika wakuu wawili, nyanya na mjukuu, walisomewa maelezo haya wakayakubali kabla hayajatumika. Nimewaandikia maafisa ustawi wa jamii, maafisa maendeleo, walimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wajumbe wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto.

Kinafaa kufundishia kwa sababu moja: hapakuwa na ofisi iliyozembea. Kila iliyofika pale nyumbani ilifanya kazi yake kama mwongozo wake unavyosema. Na ni katika kufanya hivyo ndipo binti wa miaka 13 alipotoka shule.

Kaya yenyewe

Uwanja ulikuwa mmoja, nyumba mbili. Katika ile kubwa aliishi Bibi, mwenye miaka 73, na wajukuu watatu waliozaliwa na binti yake. Wa kwanza tutamwita Binti, miaka 13, darasa la sita. Wa pili ni Kaka, miaka 9, mwenye mtindio wa ubongo. Haketi bila kushikiliwa na hasemi maneno. Wa mwisho ni Mdogo, miaka 3. Nyumba ya pili ni ya Mjomba Mkubwa, mkewe aliyekuwa na mimba kubwa, na mtoto wao wa kiume wa miaka 16, Kijana, aliyemaliza darasa la saba na sasa anasaidia shambani. Mjomba Mdogo anaendesha bodaboda mjini, makao makuu ya wilaya.

Mama wa watoto yuko Dar es Salaam, anafanya kazi za ndani. Kazi yake kuu huko ni kulea mtoto mchanga wa mwajiri wake. Kima cha chini kilichowekwa na amri ya mshahara ya 2022 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, naye alikuwa akipata kidogo juu ya hapo. Sehemu kubwa aliituma nyumbani kwa simu. Msomaji aone mlolongo huo: mtoto wa mjini analelewa na mama wa kijijini, watoto wa mama huyo wanalelewa na nyanya yao, na nyanya akianguka, wa kumshika ni mjukuu.

Ukoo huu unahesabiwa upande wa mama, kama ilivyo kwa wengi wa kusini, hivyo wajomba ndio wenye kauli juu ya watoto wa dada yao. Hilo lilikuja kutusaidia baadaye, ingawa mwanzoni lilikuwa kauli tu.

Kaya ilikuwa tayari katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii. Bibi alikuwa na kitambulisho cha mzee cha msamaha wa matibabu. Kwa karatasi, hii ni kaya iliyofikiwa.

Mambo yalivyofuatana

Mwisho wa masika Bibi alipata kiharusi. Presha alikuwa nayo kwa miaka kadhaa na dawa alizinywa akijisikia vibaya tu. Upande wa kushoto ulilegea, maneno yakawa mazito, akili ikabaki timamu. Alilazwa wiki mbili. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alimweleza ndugu aliyekuwa kando ya kitanda mambo ya kufanya nyumbani: kumgeuza mgonjwa usiku asipate vidonda vya kulalia, kumnyoosha mkono na mguu kila siku, kupunguza chumvi, dawa kila asubuhi, na kurudi kliniki ya presha kila mwezi katika kituo cha afya kilichopo kilometa 14. Maelezo yalikuwa sahihi yote. Ndugu aliyeyapokea alikuwa Binti.

Wiki chache baadaye mtaalamu wa utengamao, yaani mazoezi ya kurejesha uwezo wa mwili, kutoka shirika linalohudumia watoto wenye ulemavu alifika kumwona Kaka. Alimfundisha aliyekuwepo jinsi ya kumnyoosha misuli nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na namna ya kumlisha akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, asipaliwe. Aliyekuwepo ni Binti tena. Zahanati ilitaka Mdogo apelekwe kupimwa uzito. Siku za malipo ya ruzuku ya TASAF mtu alihitajika kufika kwa niaba ya Bibi.

Shule ilipofunguliwa Julai, Binti alihudhuria siku za mwanzo kisha akapotea. Mwalimu wa darasa alifuata utaratibu: akaandika utoro, akamjulisha mwalimu mkuu, barua ikaenda kwa mlezi ikimtaka afike mbele ya mtendaji wa kata kueleza kwa nini mtoto hasomi. Mlezi kwa kumbukumbu za shule ni Bibi. Barua ilimfikia akiwa hawezi kuinuka, na aliyemsomea ni mtoro mwenyewe.

Aliyeunganisha haya yote ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa makamo aliyekuwa na rejista tatu begani: ya wazee na wagonjwa wa muda mrefu, ya watoto chini ya miaka mitano, na ya watu wenye ulemavu. Alikuwa ameitembelea nyumba ile mara tatu kwa sababu tatu. Mara ya tatu alibaini kuwa majibu ya rejista zote yanatoka kinywani mwa mtu mmoja, na mtu huyo hana mstari wake katika rejista yoyote. Si mzee, hana ulemavu, amevuka miaka mitano. Mahali pekee jina lake lilipoandikwa ni kwenye orodha ya watoro.

Akaleta suala kwenye kamati ya kata ya ulinzi wa wanawake na watoto. Hapo ndipo ofisi yetu ya ustawi ilipoingia.

Kikao cha kwanza na pendekezo lililokataliwa

Wajumbe walikuja na suluhisho tayari: Bibi apelekwe makazi ya wazee, Kaka atafutiwe kituo cha watoto wenye ulemavu, Binti apate bweni, Mdogo aende kwa mama yake Dar es Salaam. Kila mtu na mahali pake. Kwa dakika kama kumi chumba kizima kilikubali, na naelewa kwa nini, maana pendekezo hilo ndilo linalofanana zaidi na mgawanyo wa ofisi zetu.

Lilikataliwa kwa sababu tatu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaiweka familia mbele katika kumtunza mzee. Makazi ni kimbilio la asiye na mtu. Bibi alikuwa na watoto wawili wa kiume, mmoja akiwa uwanja uleule. Pili, hapakuwa na kituo cha kumpokea Kaka ndani ya umbali ambao familia ingeweza kumtembelea. Tatu, mhudumu wa afya alisimama akauliza nani kati yetu amemuuliza Bibi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ikapendekezwa pia mama wa watoto arudi. Hili lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa lina ladha ya haki: mama ndiye mama. Tulimpigia simu. Alikuwa tayari kurudi. Tulipopiga naye hesabu, ikaonekana kwamba siku atakayorudi ndiyo siku fedha pekee ya kila mwezi inayoingia katika kaya itakapokoma, na yeye atachukua mzigo uleule alioubeba Binti akiwa hana senti. Tukaamua abaki kazini, lakini awe sehemu ya kila kikao kwa simu.

Daftari la saa

Badala ya kuanza na huduma zipi zinakosekana, tulianza na kazi zipi zinafanyika na nani anazifanya. Mhudumu wa afya alikaa pale siku mbili na daftari la kawaida. Kwa Binti peke yake zilipatikana saa 11 kwa siku. Kumlisha Kaka ni karibu saa nzima kwa mlo mmoja, hivyo saa tatu. Kumwosha Bibi, kumpeleka haja, kumgeuza na kumlisha, saa mbili na nusu. Mazoezi ya Kaka na ya Bibi pamoja, saa moja na nusu. Maji, saa mbili. Kuni, kupika na kufua, saa mbili. Kuamka usiku mara mbili au tatu hakukuhesabiwa humo. Mdogo naye hakuwa na muda wake kabisa. Alikuwa akifuatana na dada yake popote, na hapo ndipo malezi yake yote yalipokuwa.

Daftari hilo ndilo lililobadilisha mazungumzo. Kabla yake, wajomba walijua kwamba Binti anasaidia nyumbani. Baada ya kusomewa, Mjomba Mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akataka arudiwe kusomewa sehemu ya maji.

Kikao cha ukoo na maamuzi

Kikao kilifanyika uwanjani kwa Bibi, yeye akiwa ameketishwa kwenye kiti na mito. Walikuwepo wajomba wote wawili, mke wa Mjomba Mkubwa, shehe wa mtaa kwa ombi la familia, mwalimu mkuu, mhudumu wa afya na mimi. Mama wa watoto alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya ndoo.

Neno la kwanza lilipewa Bibi. Alisema polepole kwamba haoni vibaya kutunzwa, ila anaona aibu kuogeshwa na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemwogesha jana. Akamtaja jirani, mjane rafiki yake wa miaka mingi, kuwa ndiye angependa amshike. Miezi mitatu ofisi tano zilikuwa zimepita mlangoni na swali hilo halikuwahi kuulizwa.

Kisha likaja suala la Kijana. Mjomba Mkubwa alisema, na alikuwa na haki, kwamba mtoto wa kiume hawezi kumwogesha bibi yake. Tulikubaliana naye palepale. Ila daftari lilionyesha kuwa kazi za faragha ni saa mbili na nusu tu kati ya 11. Maji hayana faragha, kuni vilevile, wala hakuna mwiko kumnyoosha mvulana mwenzako miguu. Ile hoja ya mila ilikuwa imefunika kazi nyingi ambazo mila haikuzigusa. Kijana akapewa maji, kuni na mazoezi ya Kaka ya asubuhi. Mtaalamu wa utengamao alirudi kumfundisha yeye.

Jirani alikubali kuja kila asubuhi siku za shule, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa saba mchana, kwa ajili ya Bibi na uji wa Kaka. Familia ilitaka iwe msaada wa ujirani. Tulisisitiza iwe kazi ya malipo, hata kama kidogo, kwa kuwa mjane huyo alikuwa na kibarua cha kubangua korosho ambacho angekikosa. Wajomba walikubali kulipa nusu kwa nusu.

Kwa upande wa ofisi, kituo cha afya kilikubali dawa za presha zichukuliwe za miezi miwili na vipimo vya katikati vifanyike zahanati ya kijiji. Tiba yenyewe Bibi hakutozwa. Kilichomgharimu ni nauli ya bodaboda ya watu wawili. Ziara za utengamao, uzito wa Mdogo na kupima presha viliwekwa siku moja ya mwezi. Mwalimu mkuu alifuta shauri la utoro, akakubali Binti achelewe kipindi cha kwanza panapokuwa na sababu, na akampangia mwalimu wa kumfidia masomo. Waraka wa Elimu wa 2021 kuhusu kuwarejesha wanafunzi walioacha shule ulimpa mwalimu huyo ujasiri wa kufanya hivyo bila kuogopa kuulizwa.

Kaka aliandikishwa darasa la awali katika shule ileile, siku tatu kwa wiki. Mdogo alianza kwenda naye hadi uwanja wa shule.

Matokeo baada ya miezi kumi na minane hivi

Bibi anatembea kwa fimbo hadi kivulini na presha imetulia kwa muda mwingi. Kwa mkono wa kulia anabangua karanga, na ndiye anayemchunga Mdogo jioni kwa hadithi. Binti alirudi shuleni Oktoba, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka uliofuata, na amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya kata. Kaka ameongezeka uzito. Mwalimu wake wa awali aligundua kuwa akiulizwa jambo hujibu kwa macho, juu kwa ndiyo na pembeni kwa hapana, na kwamba akiulizwa kama anataka kurudi nyumbani mapema, macho huenda pembeni.

Hayo ni mazuri. Yafuatayo si mazuri.

Malipo ya jirani yalikatika Machi. Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huzikabidhi ghalani na kulipwa baada ya mnada, minada mingi ni kati ya Oktoba na Desemba, na fedha ya mkulima huingia katika miezi hiyo. Novemba wajomba walilipa bila kusukumwa. Februari walilipa nusu. Machi na Aprili, wakati wa palizi na njaa, hawakulipa kitu, na jirani, baada ya kuvumilia wiki tatu, akarudi kwenye kibarua chake. Hatuwezi kumlaumu. Binti alikosa siku nyingi za masomo katika kipindi hicho, miezi michache kabla ya mtihani wake.

Kiti mwendo kilichopatikana kwa Kaka kilikuwa cha magurudumu membamba, cha sakafu ya hospitali. Njia ya kwenda shule ni mchanga. Kijana alimbeba mgongoni hadi mvua zilipoanza, kisha Kaka akakaa nyumbani karibu miezi miwili. Fundi wa baiskeli alikuja kubadilisha magurudumu, kazi ambayo ingepaswa kufanywa kabla kiti hakijashushwa kwenye gari.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi kuliko yote ni daftari la saa, na halikugharimu kitu. Fomu zetu za tathmini huuliza mlengwa ana nini na anahitaji nini. Hakuna inayouliza kazi hiyo itafanywa na nani, saa ngapi, na huyo mtu ataacha nini. Matokeo yake kila huduma njema inayofika nyumbani inakuja na kazi ndani yake, na kazi hizo zinaangukia mikono ileile. Mazoezi ya Kaka yalikuwa saa moja tu kwa siku. Ushauri wa hospitali ulikuwa saa tatu. Kila ofisi iliona saa zake, hakuna iliyoona jumla.

La pili ni kugawa kazi kwa kuichambua. Ukiwaambia wanaume wa ukoo wasaidie kumtunza mgonjwa, watasikia kuogesha, na watakataa kwa heshima zote. Ukiwaletea orodha, wanakuta humo kazi ambazo hawana hoja ya kuzikataa. Na Kijana, niseme wazi, hakuwa mvivu. Hakuna aliyewahi kumwomba.

Kuhusu haki kati ya rika na rika, sheria zetu zimepangwa kwa makundi: Sheria ya Mtoto ya 2009, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, wazee na sera yao, Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto kwa walio chini ya miaka minane. Hata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Makundi haya yana sababu zake, na bila hayo Kaka na Bibi wasingeonekana kabisa. Lakini mtunzaji hana kundi. Akiwa mtoto anahesabiwa mtoro, akiwa mjane jirani anahesabiwa msamaria. Kamati ya kata ndiyo mahali pekee ambapo makundi haya yanakaa meza moja, na katika kisa hiki ilichukua miezi mitatu hadi mtu mwenye rejista tatu alipoona.

Kushindwa kwa Machi kunahitaji kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Rahisi ni kusema wajomba hawakuwa na nia. Ushahidi hausemi hivyo. Walilipa walipokuwa nacho. Tatizo ni kwamba tuliijenga huduma ya kila siku juu ya kipato cha msimu, na sisi sote mezani tunaijua kalenda ya korosho. Fedha ya ruzuku ya kaya nayo ilikuwa imeshapangiwa chakula, haikuwa na nafasi ya kumlipa mtu.

Hapa linganisho na Zanzibar linafaa. Kule Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, bila kupimwa umaskini, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi ambazo baadaye zilipandishwa hadi 50,000. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku, imekuwa ikiwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Bibi ana miaka 73. Angekuwa Unguja, fedha hiyo ingekuwa kwa jina lake, ingeingia Machi kama inavyoingia Novemba, na ingetosha sehemu kubwa ya ujira wa jirani. Zaidi ya hapo, yeye ndiye angekuwa anamlipa rafiki yake, na hadhi ya uhusiano huo ingekuwa nyingine. Bara hatuna mfumo huo wa wote, hivyo ofisi ya kata inabaki kutafuta kwa wajomba.

Neno la mwisho la uchambuzi ni juu ya Kaka. Alikuwa mtu wa mwisho kuulizwa, baada ya bibi, wajomba, shule na hata jirani, kwa dhana kwamba asiyesema hana la kusema. Mpango wake wa kwanza ulijaa mazoezi na uzito. Kwamba anapenda kuwa na watoto wenzake lilijulikana kwa bahati, kupitia mwalimu mwenye subira. Fomu ya sasa ya kata ina mstari unaouliza mlengwa anajibuje ndiyo na hapana, kwa mdomo, kwa mkono au kwa macho, na unajazwa kabla ya maswali mengine.

Yanayosubiri

Shule ya sekondari ya kata iko mbali kuliko ya msingi, na Binti sasa anatoka nyumbani kabla ya jirani kufika. Kijana amesema anataka kujifunza ufundi mjini, jambo ambalo ni haki yake, na akiondoka maji na mazoezi havina mtu. Mke wa Mjomba Mkubwa naye ana mtoto wa kulea.

Minada ya msimu huu imekwisha na malipo yameingia. Kikao cha mapitio kimeitishwa mwezi huu, ajenda ya kwanza ikiwa wajomba kukabidhi ujira wa jirani wa Februari hadi Juni kwa mkupuo, ukawekwe kwenye akaunti ya kikundi chake cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, na kutolewa mwezi kwa mwezi. Mjomba Mdogo ameshakubali. Mkubwa amesema atajibu akishalipa deni la dawa za kupulizia mikorosho.